Kilichomo ndani ya kaseti bandia

Lebo huigwa, ganda huigwa, hata maandishi yaliyo juu ya chipu hufutwa kwa msasa. Ushahidi unaobaki ni jinsi saketi inavyojibu inapoulizwa.

Mezani kuna kaseti mbili za Game Boy Advance, zote za mfululizo wa Pokémon: moja ni FireRed, nyingine ni Emerald. Zifungue kwa bisibisi ya meno matatu. Ndani ya FireRed mna betri ya duara, ndani ya Emerald hamna. Mnunuzi asiyezijua kaseti hizi ataamini kwamba yenye betri ndiyo iliyokamilika na isiyo na betri ndiyo iliyopunjwa. Kumbe zote mbili ni bandia, na betri ndiyo inayoziumbua zote. FireRed halisi, iliyotoka Japani Januari 2004, haina betri kabisa, kwa sababu maendeleo ya mchezaji huandikwa kwenye chipu ya flashi ya kilobaiti 128 ambayo hutunza data bila umeme. Emerald, iliyofuata Septemba mwaka huohuo, ina chipu ya namna hiyohiyo, ila imeongezewa saa, na saa haitembei bila umeme. Ndiyo maana kaseti halisi ina betri ya CR1616. Aliyeiga FireRed alitumia chipu ya SRAM, ambayo husahau kila kitu umeme ukikatika, kwa hiyo akalazimika kuweka betri. Aliyeiga Emerald aliona saa ni gharama isiyo na faida kwake, akaiondoa pamoja na betri yake. Mchezaji ndiye atakayegundua baadaye: betri ya FireRed ikifa, miezi ya kucheza inafutika, na katika Emerald isiyo na saa, matunda yaliyopandwa hayakui kamwe.

Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kaseti bandia inastahili kufunguliwa, kuchunguzwa na kuandikwa kwa umakini uleule unaopewa kaseti halisi, na kwamba kipimo cha kuitambua kiwe tabia ya saketi yake wala si sura yake. Tukiita kitu bandia tumesema kwamba aliyekitengeneza hakuwa na ruhusa. Hatujasema kimetengenezwaje, kitadumu muda gani, kitaharibu nini kikichomekwa, wala fundi aliyekibuni alikuwa na maarifa gani. Hayo yote yamo ndani, na karibu yote hayakuandikwa popote na waliokitengeneza.

Nembo iliyogeuzwa kufuli

Game Boy ilipoingia sokoni Japani tarehe 21 Aprili 1989, ilikuwa na programu ndogo ya kuwashia yenye baiti 256 tu. Mashine inapowashwa, programu hiyo husoma baiti 48 kutoka kwenye kaseti na kuzichora kwenye kioo: ile nembo ya Nintendo inayoteremka polepole. Kisha huzisoma tena, safari hii ikizilinganisha na nakala iliyo ndani ya mashine yenyewe. Zikitofautiana, mashine inagoma kuendelea. Mtego ulikuwa wa kisheria zaidi kuliko wa kiufundi. Mtengenezaji asiye na leseni angelazimika kuweka nembo ya Nintendo ndani ya bidhaa yake, na hapo angeweza kushtakiwa kwa kutumia alama ya biashara isiyo yake. Mtego wa aina hiyo ulipofika mahakamani Marekani mwaka 1992, katika kesi ya Sega dhidi ya Accolade iliyohusu mashine ya Genesis, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa iliona kwamba anayelazimishwa na mashine kuonyesha alama ya mwenzake hawezi kubebeshwa lawama ya mkanganyiko unaotokana na hilo. Lakini miaka kabla ya uamuzi huo kuzoeleka, mafundi walikuwa wameshatafuta njia yao.

Ya kwanza ninayoitaja haikutoka kwa waigaji wa mitaani. Argonaut ilikuwa kampuni ndogo ya Uingereza, na mwanzilishi wake, Jez San, amesimulia jinsi walivyoipita kufuli hiyo. Waligundua kwamba nembo husomwa mara mbili. Wakaunda saketi ya rezista moja na kapasita moja iliyoifanya mashine ione jina la Argonaut kwenye usomaji wa kwanza na la Nintendo kwenye usomaji wa pili. Kioo kikaonyesha jina lao, ulinganisho ukapita, na hakukuwa na alama ya mtu iliyoonyeshwa kwa mnunuzi. Walipoipelekea Nintendo kazi yao, Nintendo haikuwapeleka mahakamani, iliwapa kazi. Ushirikiano huo ulizaa gemu iitwayo X, iliyotoka Japani mwaka 1992 kwa ajili ya Game Boy, na Star Fox ya mwaka 1993 kwa ajili ya Super Nintendo. Vipande viwili vya bei ya senti vilibeba uelewa wa mashine ambao mwenye mashine mwenyewe aliona ni bora aununue.

Kampuni ya Sachen ya Taiwani ilitumia siri hiyohiyo kwa njia nyingine. Chipu yake ilihesabu mara ambazo mashine imeigusa kaseti. Mwanzoni ilipeleka usomaji kwenye sehemu nyingine ya kumbukumbu, ilikokaa nembo ya Sachen. Hesabu ilipotimia ikageuka na kuonyesha nembo inayotakiwa. Juu ya hayo, sehemu ya mwanzo ya kaseti ilikuwa imevurugwa kwa kubadilishana nyaya za anwani. Mtu anayenakili kaseti hiyo kwa kisomaji cha kawaida hupata faili ambalo ni sahihi kwa wakati mmoja na si sahihi kwa wakati mwingine, kwa sababu jibu la kaseti linategemea imeulizwa mara ngapi. Kaseti nyingi za Sachen, tena, zilikuwa na gemu zake yenyewe. Hakuna lebo wala picha ya ganda inayoweza kumwambia mtu lolote kati ya haya.

Mtunza ghala mwenye kanuni zake

Ili kuelewa kwa nini saketi za kaseti hizi zinatofautiana kiasi hiki, ni lazima kujua udhaifu ambao zilibuniwa kuufidia. Kichakataji cha Game Boy huona anwani 65,536 tu, na nusu yake, kilobaiti 32, ndiyo iliyotengewa programu ya kaseti. Gemu ndogo kama Tetris inaenea humo. Gemu kubwa haienei, na hapo kaseti huhitaji chipu ya kupanga kumbukumbu, ambayo kazi yake ni ya mtunza ghala: mteja haingii ndani, hutaja namba ya rafu, na mtunza ghala humletea rafu hiyo dirishani. Nintendo ilitengeneza familia nzima ya chipu hizi. MBC1 ilifikia megabaiti 2 za programu. MBC3 iliongeza saa, ile inayotumika katika Pokémon Gold na Silver. MBC5 ilifika megabaiti 8. Nazo zilikuwa na vituko vyake: MBC7 ya Kirby Tilt 'n' Tumble ya mwaka 2000 ina kihisi kinachojua mkono wa mchezaji umeinamia upande gani, na baadhi ya kaseti halali zilizokusanya gemu kadhaa ziliunganisha nyaya za MBC1 kwa mpangilio tofauti na wa kawaida. Kifaa cha ajabu ndani ya kaseti, kwa hiyo, hakikuanza na waigaji.

Lakini waigaji na wasio na leseni hawakuweza kununua chipu za Nintendo, na hapo ubunifu ulilazimika. Wisdom Tree ya Marekani, iliyouza Biblia ya King James kwa Game Boy mwaka 1994, ilibadilisha kumbukumbu kwa kanuni inayomshangaza anayeiona mara ya kwanza. Katika chipu za Nintendo, namba ya rafu hutumwa kama data. Katika kaseti ya Wisdom Tree, data haitazamwi kabisa. Namba ya rafu ni ile anwani yenyewe iliyoandikiwa. Hilo hufanyika kwa chipu rahisi ya dukani. Wala si kaseti bandia, kwa sababu haikujifanya kuwa kitu kingine. Ilikosa leseni tu, na tofauti hiyo hupotea pale vitu vyote visivyo na muhuri vinapotupwa kapu moja.

Upande wa Taiwani na China, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, mambo yalizidi kuwa tata. Vast Fame, kampuni ya Taiwani iliyotunga gemu zake bila idhini ya Nintendo, iliweka ndani ya kaseti saketi ya ulinzi: programu huandika namba fulani mahali fulani, na kaseti lazima irudishe majibu ambayo chipu ya kawaida isingeyatoa. Jibu lisipokuwa sawa, gemu inaharibika. Familia nyingine, zinazojulikana kwa wachunguzi kwa majina kama BBD na Sintax, hubadilisha mpangilio wa biti za data kulingana na namba iliyoandikwa kabla, hivi kwamba faili lililonakiliwa moja kwa moja ni vurugu tupu mpaka mtu ajue ufunguo. Waliokuwa wakilengwa na ulinzi huu ni waigaji wenzao. Walifanya biashara katika soko ambalo gemu ya leo hunakiliwa na jirani kesho, na mahakama isingewasaidia, kwa hiyo ulinzi pekee waliokuwa nao ulikuwa saketi.

Ukitaka kujua soko lile lilikuwa na ushindani mkali kiasi gani, soma kufuli ambazo waigaji waliwafungia waigaji wenzao.

Huo ni ushahidi wa kiuchumi ambao hakuna hati nyingine inayoutoa. Kampuni hizi hazikuchapisha taarifa za mwaka. Nyingi zilibadilisha majina, zikafunga, au hazikuweka jina lolote kwenye bidhaa. Kinachoonyesha kwamba kaseti mbili zenye lebo tofauti zilitoka kwenye karakana moja ni kwamba zinatumia kufuli moja. Na kinachoonyesha kwamba kaseti fulani ni nakala ya nakala ni kwamba kufuli imekatwa na programu imerekebishwa isiulize tena. Mwanahistoria wa biashara ya elektroniki za Asia ya Mashariki angeweza kuchora ukoo wa karakana hizo kwa kutazama tabia za chipu, iwapo tu mtu atakuwa amezipima kabla hazijafa.

Chipu zilizowahi kufanya kazi nyingine

Kaseti bandia zinazouzwa leo mitandaoni, hasa za Game Boy Advance, ni za kizazi kingine. Kaseti halisi ilibeba programu kwenye chipu ambayo data yake huwekwa kiwandani wakati wa kutengenezwa na haibadiliki tena. Njia hiyo ni nafuu kwa nakala laki moja, ghali mno kwa nakala mia. Mwigaji wa leo hutumia flashi ya kawaida ambayo huandikwa baada ya kuunganishwa kwenye bodi, na mara nyingi flashi hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kaseti hata kidogo. Katika bodi nyingi hukutwa chipu kama M36L0R7050, iliyobuniwa kwa simu za mkononi: ndani ya kifuko kimoja mna flashi ya megabiti 128 pamoja na kumbukumbu ya muda ya megabiti 32. Megabiti 128 ni megabaiti 16, ambao ndio ukubwa kamili wa programu ya Emerald. Hapo ndipo chipu iliyokusudiwa kushika programu ya simu ilipopata kazi ya pili.

Kuitambua chipu ya namna hii kwa macho hakutoshi, maana maandishi yake mara nyingi yamesagwa au yamebandikwa mengine juu yake, na bodi nyingine zimefunikwa tone gumu la gundi nyeusi lisiloonyesha hata miguu ya chipu. Njia ya uhakika ni kuizungumzisha. Chipu nyingi za flashi hufuata itifaki inayojulikana: ziandikie AA kwenye anwani fulani, kisha 55 kwenye nyingine, kisha 90, nazo hujibu kwa namba ya mtengenezaji na ya aina. Ni swali la sekunde moja. Lakini mchunguzi akiliuliza kwa bodi nyingi bandia, hapati jibu. Angeweza kuhitimisha kwamba chipu ni mbovu au haiandikiki, na angekosea. Aliyechora bodi alivukanisha nyaya mbili za data, ile ya kwanza na ile ya pili, pengine kwa sababu mistari ya shaba ilipita vizuri zaidi hivyo. Kwa programu ya gemu hilo halina madhara: kilichoandikwa kikiwa kimegeuzwa husomwa kikigeuzwa tena, na hutoka sawasawa. Kwa amri, ambayo chipu inaisoma yenyewe, lina madhara makubwa. AA inaifikia chipu ikiwa A9, na 55 ikiifikia ikiwa 56, amri ambazo hazina maana kwake. Mchunguzi anayeanza yeye kwa kutuma A9 na 56 hupata jibu mara moja.

Kuna jaribio linalofurahisha zaidi katika jambo hili. Chipu nyingi zikiulizwa kwa itifaki ya kujieleza hurudisha herufi tatu, QRY, kama ishara kwamba zinaelewa. Ukizisoma herufi hizo kupitia bodi yenye nyaya mbili zilizovukana, Q inakuwa R, R inakuwa Q, na Y inakuwa Z. Mchunguzi akiona RQZ kwenye kioo chake anajua mambo mawili kwa mpigo: kwamba ndani mna flashi inayoandikika, kitu ambacho kaseti halisi haikitumii kubebea programu yake, na kwamba bodi ilichorwa kwa mtindo fulani. Herufi tatu zinabeba ushahidi mwingi kuliko lebo nzima yenye rangi zake.

Kwenye bodi bandia za Game Boy ya zamani kuna siri nyingine, iliyo kwenye mguso wa 31. Mguso huo uliwekwa na Nintendo ili kaseti iweze kupeleka sauti yake ndani ya mashine, nafasi ambayo watunga gemu hawakuishughulikia. Wabunifu wa bodi bandia waliona ni mlango usio na mtu. Katika bodi nyingi wameunganisha hapo waya wa kuruhusu uandishi wa flashi, hivyo karakana inaweza kuandika gemu kupitia meno yaleyale ya kaseti bila kufungua ganda, huku mashine ya mchezaji ikikosa uwezo wa kuifuta kwa bahati mbaya. Hilo ni wazo la fundi anayeijua kazi yake. Halafu bodi hiyohiyo huweza kuwa na kosa la kizembe: flashi iliyotengenezwa kwa takriban volti 3 ikapewa volti 5 za Game Boy bila kipunguza umeme chochote. Ujuzi na uzembe vinakaa kwenye bodi moja ya sentimita chache, na ndiyo sababu hukumu ya jumla kwamba vitu hivi ni takataka, au kwamba ni sawa tu na halisi, haiwezi kusimama. Lazima bodi iangaliwe moja moja.

Wanaosema afadhali viachwe

Wapo wanaopinga kazi hii, na sababu zao si za kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba kuandika hadharani jinsi kaseti bandia zinavyofanya kazi ni kuwafundisha wezi. Ukweli ni kwamba anayefundishwa hapa si mwigaji. Yeye ndiye aliyevukanisha nyaya, ndiye aliyetumia mguso wa 31, na hahitaji mtu wa kumweleza alichokifanya. Asiyejua ni mnunuzi, fundi wa mtaani anayeletewa kaseti iliyokufa, na muuzaji mwaminifu wa vitu vilivyotumika ambaye hataki kuuza bandia kwa bei ya halisi. Ni kweli kwamba mwigaji akisoma kuwa FireRed yenye betri inamuumbua, anaweza kuiondoa. Hata hivi sasa bodi nyingi mpya hazina betri: programu imerekebishwa ili maendeleo ya mchezaji yaandikwe kwenye flashi kuu yenyewe, pembeni mwa gemu. Lakini angalia gharama ya kujificha kwake. Lebo huigwa kwa kuchapisha upya. Ili kuiga tabia, lazima aweke chipu ya flashi ya kilobaiti 128 yenye amri sahihi, na kwa Emerald aweke saa ya kweli. Akifanya hivyo, amempa mnunuzi kitu ambacho angalau kinafanya kazi. Kadiri ukaguzi unavyoegemea tabia badala ya sura, ndivyo udanganyifu unavyokosa faida.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la kimaadili: kwamba kuzitunza kaseti hizi na kuzisifia ubunifu ni kuutukuza wizi wa kazi za watu. Walioitunga Emerald walifanya kazi, na kila nakala bandia inauza jasho lao bila kuwalipa. Nakubali hilo bila kusitasita, wala sioni haja ya kumtetea anayeuza bandia akijua ni bandia. Sheria nayo iko wazi; kifungu cha 46 cha mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani kinaruhusu bidhaa zilizovunja haki ziondolewe sokoni au ziteketezwe. Ila kuondoa kitu sokoni na kukifuta katika kumbukumbu ya watu ni mambo mawili. Sarafu za kughushi ni haramu kuzitumia, na bado makumbusho huzihifadhi, kwa kuwa zinaeleza uchumi ulivyokuwa. Forodha ikiteketeza shehena ya kaseti elfu moja, hakuna haki ya mtunzi inayopungua kwa kubakiza chache, kuzifungua, kuzipiga picha na kuandika zinajibu nini.

Mfano wa kinachopotea upo. Mwaka 2000 ilitoka Japani gemu iitwayo Keitai Denjū Telefang, iliyohusu viumbe wanaopigiwa simu. Haikutolewa rasmi kwa Kiingereza. Muda si mrefu waigaji waliitafsiri kwa Kiingereza kibovu, wakaipa majina ya Pokémon Diamond na Pokémon Jade, na kuiuza duniani miaka kadhaa kabla Nintendo haijatoa Diamond yake mwaka 2006. Watoto wengi walioicheza waliamini wanacheza Pokémon. Kwao hiyo ndiyo gemu iliyokuwapo. Kaseti hizo zilitumia chipu ya kupanga kumbukumbu isiyofanana na ya asili, na programu za kuiga mashine kama mGBA zimelazimika kuandikiwa sehemu maalumu kwa ajili yake peke yake. Bila watu kuipima chipu ile, faili la gemu lingekuwapo na lisingeendeshwa ipasavyo.

Hilo linajibu pingamizi la tatu, linalotolewa na watu wema tu: kwamba inatosha kunakili programu iliyo ndani, na bodi yenyewe haina umuhimu. Kwa gemu ya kilobaiti 32 isiyo na chipu ya kupanga, ni kweli. Kwa Sachen inayohesabu mara za kusomwa, au BBD inayopanga biti upya, si kweli hata kidogo. Nusu ya gemu imo kwenye tabia ya saketi, na tabia hainakiliwi kwa kusoma data. Inanakiliwa kwa kuuliza maswali mengi, kuandika majibu, na kujenga kanuni inayotoa majibu yaleyale.

Anayeumia ni nani

Soko la bandia halikui kwa sababu watu wanapenda bandia. Uchunguzi wa taasisi ya Video Game History Foundation uliotolewa Julai 2023 ulikuta kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipatikani tena kwa njia rasmi ya biashara. Machi mwaka huohuo Nintendo ilikuwa imefunga duka la mtandaoni la mashine ya 3DS, lililokuwa likiuza baadhi ya gemu za Game Boy. Mashine za familia ya Game Boy na Game Boy Color ziliuzwa zaidi ya milioni 118, na Game Boy Advance zaidi ya milioni 81. Nyingi bado zinafanya kazi, na wenye nazo wanatafuta kaseti. Halisi inapopanda bei na mwenye haki haiuzi tena, nafasi inayobaki hujazwa na mwenye flashi za simu na mashine ya kuchapishia lebo.

Anayelipa gharama ya hali hiyo ni mchezaji. Fikiria mtu aliyekusanya viumbe wake kwa miaka ndani ya FireRed bandia, kisha akataka kuwahamishia kwenye Diamond au Pearl ya Nintendo DS, ambayo iliruhusu uhamisho huo. Mara nyingi hushindikana. DS haiendeshi programu ya FireRed iliyorekebishwa. Inaiendea chipu ya kuhifadhi moja kwa moja na kuizungumzisha kama flashi, na mahali pale imewekwa SRAM. Kaseti iliyoweza kumdanganya binadamu kwa miaka haikuweza kuidanganya mashine iliyouliza swali sahihi. Angeliuliza yeye mapema, kwa kisomaji cha bei nafuu na programu ya bure, angejua siku ya kwanza alichonunua.

Ripoti nzuri hueleza kaseti ilijibu nini ilipoulizwa, ili mwingine aweze kuuliza tena na kupata jibu lilelile.

Kwa hiyo ripoti ya kaseti moja haipaswi kuishia kwenye picha ya mbele na neno feki. Iwe na picha za bodi pande zote mbili, namba iliyochapishwa kwenye bodi hata kama haieleweki, maandishi ya kila chipu au taarifa kwamba yamesagwa, volti inayofika kwenye flashi, amri zilizojaribiwa na majibu yake yakiwamo yale ya kimya, aina ya kumbukumbu ya kuhifadhi, na kama saa ipo na inatembea. Isiandikwe kwamba kaseti ni ya karakana fulani kwa kukisia. Iandikwe kwamba inajibu sawa na kaseti fulani nyingine, na msomaji aachiwe apime. Watu waliojitolea wameshafanya kazi hii kwa mamia ya bodi, nayo ndiyo iliyozifanya programu za leo ziweze kuitambua flashi yenye nyaya zilizovukana bila mtumiaji kujua lolote.

Muda nao hauko upande wao. Karatasi za kiufundi za chipu nyingi za flashi huahidi kutunza data kwa takriban miaka 20 tangu ilipoandikwa, chini ya hali nzuri za umeme na joto. Chipu inayopewa volti zaidi ya kiwango chake haimo katika ahadi hiyo, na chipu iliyong'olewa kwenye simu imekwisha kupitia joto la kulehemu zaidi ya mara moja. Bandia za mwanzo za Game Boy Advance zilitengenezwa zaidi ya miaka 20 iliyopita. Betri za kaseti za Taiwani ni za zamani zaidi ya hapo, nyingine zimeshavuja na kula mistari ya shaba. Wenye kaseti hizo drooni mwao waanze na zile zenye tone la gundi nyeusi na zile za Sachen, Vast Fame na Sintax, kwa sababu hizo ndizo ambazo faili la programu peke yake haliwezi kuzirudisha.